1NZ-FE inakula oili, haivuji wala haitoi moshi: ni ringi, sili za valvu au PCV?

#1 Mpima Kijiti
Wakuu habari za muda huu.

Gari yangu ina injini ya 1NZ-FE, silinda 4, cc 1,497. Dashibodi inasoma km 186,000 na niko nayo mwezi wa 14 sasa, niliichukua kwa mtu. Inawaka kwa pigo moja, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) imetulia, nguvu ipo. Shida yake ni moja tu, oili. Nikishabadilisha na kujaza mpaka alama ya juu, ikifika km 1,500 hivi kijiti kinaonyesha imeshuka kabisa, namimina lita 1 ndipo irudi.

Nimetandika kadibodi chini ya injini usiku wiki nzima, hakuna hata tone. Maji ya rejeta hayapungui wala hayana utando wa mafuta. Nimemsimamisha mtu nyuma nikapiga resi, anasema haoni moshi. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu: wa kwanza ringi za pistoni, wa pili sili za valvu (vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye shina la valvu), wa tatu kaniambia ndivyo zilivyo, wewe ongeza tu. Sitaki mtu afungue injini kwa kubahatisha. Hii oili inapotelea wapi?

#2 Lami Ndefu
Naweka kambi hapa. Yangu ina tabia hiyo hiyo, ila bado iko kwenye nusu lita.

#3 Spana Kumi
Mkuu, hizo ni ringi, usijisumbue kutafuta mchawi. Km 186,000, na kabla yako hujui ilikuwa inabadilishiwa oili kila baada ya muda gani. Fungua, weka ringi mpya, na wakati uko humo ndani badilisha na mkanda wa taimingi, umalize kazi zote kwa mara moja.

#4 Binti wa Garaji
Spana Kumi, 1NZ haina mkanda wa taimingi. Ni cheni, na haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda. Inabadilishwa ikianza kulia au ikilegea kupita kipimo.

Kwa faida ya wengine, injini tunayoizungumzia ni hii: kipenyo cha silinda milimita 75, mwendo wa pistoni milimita 84.7, mgandamizo 10.5 kwa 1, valvu 16, kamshafti 2 juu, VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) upande wa valvu za kuingiza. Blok ni ya alumini, ndani ina silivu za chuma. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Oili lita 3.7 ukibadilisha na filta. Nafasi za valvu zinapimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea 0.25 hadi 0.35. Mdogo wake 2NZ-FE ana kipenyo kile kile cha 75 ila mwendo wa pistoni ni 73.5, ndiyo maana anatoka na cc 1,298.

Mleta uzi, hizo lita 3.7 zishike vizuri. Injini ikiwa na lita 3.7 ukapoteza 1, umebaki na 2.7 za kulainisha, kupooza na kuendesha VVT-i. Si jambo la kuambiwa "ongeza tu".

#5 Spana Kumi
Kwenye cheni nimekubali dada, nilichanganya na 5E-FE, ile ndiyo yenye mkanda na nayo ni cc 1,497. Nimezifungua nyingi sana. Kwenye ringi sirudi nyuma.

#6 Mwalimu wa Vyuma
Hongera kwa uzi mzuri. Niguse hapo kwenye "moshi hauonekani", maana naona wengi wanauchukua kama ushahidi kwamba oili haiungui.

Tupige hesabu. Chukua mwendo wa km 60 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Km 1,500 ni saa 25, yaani dakika 1,500. Hapo krenki imezunguka mara milioni 3. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, na silinda ziko 4, kwa hiyo ni milipuko milioni 6. Igawe lita 1 ya oili kwa milipuko hiyo: kila mmoja unapata chini ya sehemu ya tano ya milimita moja ya ujazo. Tone moja, kama lile linalobaki likining'inia kwenye ncha ya kijiti ukikichomoa, linatosha milipuko kama 300. Sasa hebu fikiria tone hilo limegawanywa mara 300, na kila kipande kimeungua ndani ya silinda ya cc 374 iliyojaa moto, kisha kikapita kwenye masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) yenye joto kali. Mtu aliyesimama nyuma ya gari mchana ataona nini?

Kwa hiyo inaweza kuungua yote bila moshi. Ninachosema ni hicho tu, sijasema inapitia wapi.

#7 Lami Ndefu
Mwalimu, hii hesabu naihifadhi. Miaka yote nimeamini bila moshi hakuna kuungua.

#8 Gia ya Tano
Tusitishane wakuu. Kitabu kinachokuja na gari kinataja kiwango cha juu cha lita 1 kwa km 1,000. Yeye anatumia lita 1 kwa km 1,500, yuko ndani ya kiwango. Fundi wa tatu hakukosea.

#9 Binti wa Garaji
Gia ya Tano, kiwango hicho ni ukuta wa mwisho. Hakina maana kwamba injini iliyokikaribia ni nzima. 1NZ yenye afya unabadilisha oili, unatembea km 5,000, ukichomoa kijiti unaona imeshuka kidogo tu chini ya alama ya juu. Hizo zipo mpaka leo, nyingine zimevuka km 300,000. Inayokula lita 1 kwa 1,500 kuna kitu kimeharibika.

Halafu oili inayoungua inaacha majivu. Yanaziba masega, gari inakuwa nzito, taa ya injini inawaka na kosa la P0420, la masega. Mtu anabadilisha sensa za oksijeni mbili mfululizo, kumbe chanzo kiko kwenye pistoni.

#10 Dereva wa Zamu
Mimi si fundi, nasimulia yaliyonikuta. Yangu ilikuwa inakula karibu kama yako. Ikilala usiku, asubuhi nikiwasha inatoa pumzi moja ya moshi wa bluu, sekunde mbili tatu, basi, mchana kutwa safi. Na kwenye mteremko mrefu, ukiwa umeachia mafuta huku iko kwenye gia, ukifika chini ukakanyaga, inatoa wingu nyuma.

Tulibadilisha sili za valvu zote 16 bila kushusha injini wala kufungua hedi. Fundi alitoa kamshafti, akajaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke, akatoa springi moja moja. Sili za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki, ukiibonyeza kwa kucha hairudi. Moja ilikatika mkononi nikiitazama. Tangu hapo naongeza kama robo lita kabla ya kubadilisha.

Kwa hiyo kabla ya ringi, angalia sili.

#11 Mpima Kijiti
Dereva wa Zamu asante sana. Huo mtihani wa mteremko sijaufanya. Nitaomba mtu anifuate na gari yake nyuma, kioo kimoja hakitoshi.

#12 Mzee wa Gasketi
Vijana, mnakimbilia kufungua injini na kuna kitu cha ukubwa wa kidole gumba hamjakigusa. Valvu ya PCV.

Gesi inayopenya ringi inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na ni lazima itoke. Inatoka kupitia PCV kwenda kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwa silinda), iungue tena. Ikikwama ikiwa wazi, manifoldi inavuta mvuke wa oili saa zote, unakula oili na hakuna dalili yoyote nje. Ikikwama imefungwa, presha inajaa sampuni, oili inasukumwa kwenye sili na gasketi.

Ichomoe. Itikise, iliyo nzima inalia ndani. Weka kipande cha mpira kwenye upande unaoingia kwenye hedi, puliza: hewa ipite bila shida. Geuza upulize kutoka upande wa manifoldi: ipite kwa taabu. Usipulize kwa mdomo bila mpira, uchafu wa mle si wa kuvuta kifuani. Kisha tia kidole kwenye bomba la hewa kabla ya throto (mlango wa hewa ya injini). Ukikuta limelowa oili, una jambo la kuanzia.

#13 Spana Kumi
Shikamoo mzee. PCV haiwezi kula lita nzima.

#14 Mzee wa Gasketi
Marahaba. Nimeona ikila zaidi ya hiyo.

#15 Spana Kumi
Basi kama mtu hataki kufungua, mpeni dawa rahisi: aweke oili nzito, 20W-50. Oili nzito haipenyi kirahisi. Nimewawekea wengi na malalamiko yamepungua.

#16 Binti wa Garaji
Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ushauri huu umeua cheni nyingi.

Injini hii imepangiwa 5W-30. Mle ndani oili ina kazi tatu ambazo nzito inazichelewesha. Kwanza kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Pili VVT-i: OCV, valvu ya umeme inayoongoza oili yake, inafungua na kufunga njia nyembamba kugeuza kamshafti ya kuingiza, na karibu nayo kuna chujio dogo la wavu ambalo wengi hawajawahi hata kuliona. Tatu, ringi ya oili yenyewe inatakiwa kukwangua oili ukutani na kuirudisha sampuni kupitia vitundu vya pistoni. Vitundu vikiwa vimeanza kuziba kaboni, oili nzito ndiyo inashindwa kurudi kabisa.

Nilipokea gari ya mteja iliyowekwa nzito mwaka mzima. Asubuhi ukiwasha inalia krrr kwa sekunde kama 4, upande wa kulia wa injini ukiwa umesimama mbele ya... nisahihishe, upande wa kava ya cheni, kisha inanyamaza. Kosa lilikuwa P0011, la VVT-i. OCV ilipima omu 7.4, nzima (inatakiwa 6.9 hadi 7.9 kwenye nyuzijoto 20), kwa hiyo umeme haukuwa na tatizo. Nikafungua chujio: wavu umejaa uji mweusi mzito, ukiuminya kwa vidole una chengachenga kama mchanga. Nikaosha, nikarudisha 5W-30, kosa likaondoka. Mlio wa cheni haukuondoka. Cheni ilishavutika.

Anayesema malalamiko yamepungua ajiulize yamehamia wapi.

#17 Spana Kumi
Hapo kwenye cheni umenipa la kufikiri. Lakini injini iliyokwisha kuchoka nafasi za beringi zimepanuka, 5W-30 inakuwa maji mle ndani. Angalau 10W-40.

#18 Binti wa Garaji
10W-40 sitakupinga kwa nguvu, hasa penye joto. 20W-50 nitakupinga kila siku.

#19 Betri na Petroli
Naomba kuingilia. Mimi natumia ndugu yake, 1NZ-FXE ya haibridi. Cc zile zile 1,497, ila mgandamizo ni 13 kwa 1 na inafuata mzunguko wa Atkinson, valvu ya kuingiza inachelewa kufunga. Nayo ilianza kula oili ilipovuka km 250,000. Kwangu injini inazima na kuwaka mara nyingi safarini, nikahisi ndiyo sababu: haikai na joto lake, oili haipati muda wa kukausha unyevu. Je, mleta uzi safari zako ni fupi fupi?

#20 Mpima Kijiti
Fupi kweli. Km 6 kwenda, km 6 kurudi, siku tano kwa wiki. Safari ndefu ni mara moja kwa mwezi.

#21 Mwalimu wa Vyuma
Hilo ni jambo kubwa na hukulisema mwanzo. Km 6 sindano ya joto inaweza kuwa imeshatulia katikati, lakini hilo ni joto la maji. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84. Oili inachelewa nyuma ya maji, na pistoni iliyo baridi haijatanuka kujaza nafasi yake. Petroli inatiririka ukutani, inachanganyika na oili, kaboni inajengeka nyuma ya ringi. Gari ya km 186,000 za safari fupi imezeeka kuliko ya km 300,000 za barabara ndefu.

#22 Gia ya Tano
Sasa mwalimu mbona umehamia timu ya ringi kimyakimya?

#23 Mwalimu wa Vyuma
Sijahamia, nimesogea karibu nisikie vizuri.

#24 Chuma Chakavu
Wakuu hili tatizo lina historia. Watengenezaji wenyewe walibadilisha pistoni kuanzia mwaka 2002 hivi, wakaongeza vitundu vya kurudishia oili. Na kama kuna kuvuja, angalia kikaza cheni kwa nje, oringi yake inakufa.

#25 Binti wa Garaji
Mkuu hiyo ni 1ZZ-FE, cc 1,794. Pistoni zilizobadilishwa ni zake, na kikaza kinachofikiwa kwa nje ni chake. Cha 1NZ kiko ndani ya kava. Herufi Z zisituchanganye, watu wameagiza vipuri visivyoingia.

#26 Chuma Chakavu
Nimeelewa, asante kwa kusahihisha. Nimetumia 1ZZ miaka 9 nikadhani ni ukoo mmoja.

#27 Mpima Kijiti
Wakuu, nimerudi na vipimo.

Mteremko: jamaa kanifuata, mteremko wa kama km 2, nimeachia mafuta kabisa, chini nikakanyaga. Anasema ameona kitu chepesi cha kijivu mara ya kwanza, mara ya pili na ya tatu hakuna.

Kompresheni: injini moto, plagi zote nje, throto wazi. Silinda 1 kilo 14.2, ya 2 kilo 14.0, ya 3 kilo 13.6, ya 4 kilo 14.1.

Plagi: 1, 2 na 4 rangi ya kahawia kavu. Ya 3 ina ukoko mweupe wenye unga upande mmoja na nyuzi zake zimelowa oili.

PCV: nimeitikisa, hailii kabisa. Nimepuliza pande zote mbili, hewa inapita sawa sawa. Bomba la hewa ndani lina utando wa oili.

#28 Mzee wa Gasketi
Hewa kupita pande zote mbili maana yake imekufa ikiwa wazi. Weka mpya, usiguse kitu kingine chochote, tembea upime. Ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja hutajua kipi kimekuponya.

#29 Dereva wa Zamu
Plagi moja tu kuwa na majivu inaonyesha ni sili za silinda hiyo. PCV ingechafua zote nne, maana mvuke unaingia kwenye manifoldi na kugawanyika.

#30 Lami Ndefu
Kompresheni nzuri hivyo, si ina maana ringi ni nzima? Kitabu kinataka ngapi?

#31 Binti wa Garaji
Kitabu kinataka kilo 15 kwa sentimita ya mraba, isishuke chini ya 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1. Kwa hiyo zake zimefaulu.

Lakini Lami Ndefu, swali lako linawapoteza hata mafundi. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazoshika mgandamizo. Ya chini ni ya oili, ina vipande vitatu: bati mbili nyembamba na springi ya mawimbi katikati. Kazi yake ni kukwangua. Hiyo ya chini inaweza kuwa imeganda kabisa kwa kaboni, huwezi kuizungusha kwa kidole, na kipimo cha kompresheni kikasoma vizuri kama injini mpya. Tena oili ikiwa nyingi ukutani inaziba mapengo na kukipandisha kipimo.

Kwa hiyo kompresheni ya 14 haimtoi Spana Kumi kwenye mchezo.

#32 Spana Kumi
Dada, leo umenitendea haki. Tangu posti namba 3 nasema.

#33 Binti wa Garaji
Ulisema na mkanda pia.

#34 Spana Kumi
Mkanda tulishauzika kwa heshima posti namba 5, usiufukue.

#35 Nozeli Safi
Kwa anayefikiria kuloweka pistoni kabla ya kufungua, nitoe yangu. Nilitoa plagi, nikazungusha krenki mpaka pistoni zote nne zikawa katikati, nikamimina dawa ya kuyeyusha kaboni kama vijiko vitatu kila silinda, nikaziacha usiku. Asubuhi dawa ilikuwa imeshuka kwenye silinda tatu, moja imebaki vile vile, ikanionyesha pistoni gani imeganda. Nikarudia mara tatu. Ulaji ulishuka kutoka lita 1 kwa km 1,200 mpaka lita 1 kwa 2,800.

Tahadhari mbili, nazisema kwa uzito. Nyonya yote iliyobaki juu ya pistoni kabla ya kupiga stata, na stata ya kwanza ipige plagi zikiwa nje na matambara juu ya matundu. Majimaji hayabanwi, pistoni ikiyakuta juu inapinda koni rodi. Pili, ile dawa imeingia kwenye oili, kwa hiyo mwaga oili siku hiyo hiyo, usitembee nayo.

#36 Mzee wa Gasketi
Nozeli Safi umesema vema. Niongeze moja ya kuvuja, kwa sababu mleta uzi ametandika kadibodi gari ikiwa imesimama. Kuna kuvuja kunakotokea kwenye mwendo tu. Swichi ya presha ya oili ni ndogo, ikichoka inarusha oili wakati presha ipo, ukizima inakoma. Upepo unaisambaza chini ya injini, vumbi linaishika, unaona uchafu wa kawaida. Osha injini kwa chini, ikauke, nyunyiza unga wa talki kuzunguka swichi, mdomo wa kava ya cheni na pale injini inapokutana na gia boksi. Tembea km 20, angalia unga umelowa wapi.

#37 Chuma Chakavu
Swali nje kidogo: hivi ni kweli blok ya 1NZ haichongwi? Nimeambiwa ikiisha ni kutupa.

#38 Binti wa Garaji
Silivu zake ni nyembamba na zimemiminwa pamoja na alumini, nyama ya kuchonga haipo nyingi. Wapo wanaochonga kidogo na kuweka pistoni kubwa, na wapo waliotoboa wakafika kwenye maji. Mimi nikikuta ukuta una michirizi inayokamata ukucha, namshauri mwenye gari atafute injini nyingine nzima kuliko kuanza safari hiyo.

#39 Mwalimu wa Vyuma
Kuna fundi stadi niliyefanya naye kazi, kachonga 1NZ mbili zikatembea vizuri. Inategemea kwanza unene umepimwa, si ujasiri.

#40 Gia ya Tano
Mleta uzi upo? Tunasubiri PCV.

#41 Mpima Kijiti
Nipo wakuu, nilitaka nirudi na namba.

Nimeweka PCV mpya peke yake kama Mzee alivyoagiza. Oili 5W-30 lita 3.7, nimesubiri dakika 10 baada ya kuzima, gari sehemu tambarare, nikachora alama kwenye kijiti. Nimetembea km 1,000. Nikarudisha kwenye alama kwa kikombe chenye vipimo: mililita 480. Zamani lita 1 kwa 1,500 ni sawa na mililita 667 kwa 1,000. Imepungua, haijaisha.

Unga wa talki umebaki mkavu kote, hata kwenye swichi.

Nimeazima kamera ya waya, nimeishusha kwenye tundu la plagi ya 3. Juu ya pistoni kuna kaboni nyeusi katikati, lakini pembeni, kama upana wa kucha ya kidole kidogo, kumeoshwa mpaka alumini inang'aa, duara karibu nzima. Nikazungusha krenki valvu ya kuingiza ikafunguka, nikaipinda kamera: mgongo wa valvu una ukoko mweusi ulionona, unang'aa ubichi. Silinda ya 2, ambayo nimeichukua kulinganisha, pistoni yote ni nyeusi na mgongo wa valvu mkavu.

#42 Spana Kumi
Ukingo ulioshwa ni oili inayopanda kutoka chini. Ringi ya oili ya silinda ya 3. Nimemaliza.

#43 Dereva wa Zamu
Na ukoko mbichi mgongoni mwa valvu umeshuka kutoka wapi kama si kwenye sili? Ringi haifiki kule.

#44 Mzee wa Gasketi
Na mililita 187 alizookoa kwa kipuri cha ukubwa wa kidole gumba nazo mnazisahau.

#45 Mwalimu wa Vyuma
Mzee, kwa heshima, km 1,000 za safari hii zilikuwa na safari ndefu ngapi? Kama alisafiri, punguzo linaweza kuwa la barabara, si la PCV.

#46 Mpima Kijiti
Mwalimu umenipata. Km 340 kati ya hizo zilikuwa safari moja ndefu.

#47 Mwalimu wa Vyuma
Basi namba hiyo haitoshi kumpa mtu yeyote ushindi.

#48 Binti wa Garaji
Ushauri wangu: usifungue bado. Safisha plagi ya 3, irudishe hapo hapo, tembea km 1,000 za kazini tu, km 6 zile zile, usiguse kingine. Pima kwa kikombe kile kile. Kisha kwenye silinda ya 3 fanya kipimo cha upepo: jaza hewa pistoni ikiwa juu, fungua kifuniko cha oili usikilize, na usikilize kwenye throto. Ukishamaliza hapo, badilisha sili za valvu za silinda hiyo moja kwanza, ni kazi ya nusu siku. Ringi ziwe mwisho kabisa.

#49 Nozeli Safi
Mimi ningeloweka kabla ya sili. Silinda ya 3 peke yake, usiku mmoja.

#50 Mpima Kijiti
Nimepokea. Plagi ya 3 nimeisafisha jana usiku, nimechora alama mpya kwenye kijiti, dashibodi inasoma 187,412. Nikifika 188,412 nitachomoa plagi kabla ya kuleta namba hapa.